Pendekezo la Kuondoa Amri

Kompyuta ya afande ilikuwa inapiga kelele. Sisemi feni yake, ingawa nayo ilikuwa na kelele zake. Nasema kompyuta yenyewe ilikuwa inatoa amri za gwaride kwa sauti ya mtu mzima. Ikisema "Mguu sawa!", maana yake imeanza kukusanya mafaili. "Mbele tembea!" ni kwamba inayakagua. Ikikuta kosa inafoka "Nyuma geuka!" na kurudi mwanzo kabisa, hata kama kosa lenyewe ni nukta moja iliyosahaulika. Ikimaliza salama inasema "Tawanyika!", na hapo ndipo toleo jipya la programu yetu linakuwa tayari kwenda kwenye simu za watu.

Programu zote hupitia hatua hiyo. Sisi tunaoziandika tunaandika mistari ambayo simu haiwezi kuitumia ilivyo. Lazima ikusanywe, ikaguliwe, ibanwe iwe faili moja, kisha faili hilo lipigwe muhuri wa siri ili simu ijue limetoka kwetu, si kwa tapeli. Wenzetu wa Kampala wana jina la Kiingereza la mtambo unaofanya kazi hiyo. Sisi tuliuita gwaride tu, kwa sababu afande, aliyeutengeneza, alikuwa askari wa mawasiliano kabla hajastaafu na kurudi kwao Bwera, na katika maisha yake hakujua njia nyingine ya kufanya vitu vifuatane.

Programu ni ya vituo vya afya. Nesi wa mashariki au kaskazini anapangiwa kazi huku magharibi mwa Uganda, mgonjwa anashuka mlimani hajui lugha ila Lhukonzo, wanabaki wanatazamana. Programu inampa nesi sentensi: inauma wapi, imeanza lini, umekunywa dawa gani. Anaigusa, na simu inaisema kwa Lhukonzo. Hakuna anayelipwa, si aliyeandika, si aliyetafsiri, si aliyetoa sauti yake.

Mimi niliingia kwa sababu niliwahi kukaa upande wa pili wa jambo hilo. Kwetu ni kaskazini. Uhamisho wa mume wangu, ambaye ni polisi, ndio ulionileta Kasese, na kabla sijazoea hata njia ya sokoni mtoto wetu akaugua. Nikakaa kwenye benchi la kituo cha afya nikiona mama wengine wote wanaelezwa kitu ambacho mimi sikuelezwa. Baadaye, nilipokwisha pata kazi ya kufundisha kompyuta katika shule ya sekondari, nikasikia kuna mzee wa Bwera anayetafuta watu wa kumsaidia na programu ya namna hiyo. Sikuhitaji kubembelezwa.

Wafasiri walikuja na kwenda, lakini waandishi wa programu tulikuwa watatu. Afande mwenyewe, mimi, na mwalimu wa hesabu anayeishi Kasindi, ng'ambo ya daraja la Mpondwe, upande wa Congo. Afande na mwalimu walisikilizana vizuri sana kwa lugha ya kwao, maana Lhukonzo na Kinande cha upande ule ni ndugu wa tumbo moja. Ila ningebaki nje mimi. Kiingereza kingemwacha mwalimu, Kifaransa kingetuacha sisi wawili. Basi afande akatoa kanuni: kwenye kundi letu la simu ni Kiswahili tu, hakuna neno la Kiingereza, hakuna neno la Kifaransa. Ikawa tunafanya kazi yote kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeinyonya kwa mama yake. Mwalimu aliivunja kanuni hiyo kila siku bila kujijua, na afande alimsamehe kila siku. Mimi nilipoivunja nilikemewa.

Sina subira na mashine inayonifokea. Nimeishi kambi za polisi miaka yote ya ndoa yangu, kila asubuhi nasikia wanaume wazima wakiambiwa wageuke, na sikuona kwa nini nifungue kompyuta nikute mambo yaleyale. Nilijaribu mara nyingi kuliendesha gwaride kwenye kompyuta yangu. Lilikuwa linatafuta mafaili yaliyokuwa kwenye kompyuta ya afande peke yake, halipati, linafoka "Nyuma geuka!" mpaka mwanangu akajifunza kulijibu. Mwalimu naye alijaribu akashindwa. Kwa hiyo sisi tuliandika, na afande ndiye aliyetoa matoleo, peke yake, nyumbani kwake Bwera. Hali hiyo ilituudhi kidogo lakini hatukuisema, kwa sababu alikuwa hachelewi.

Kisha siku moja alikuja Kasese kuonana na daktari wa macho, akapita kwetu. Nilimwona anavyoshika ukuta wa nyumba za kambi huku anahesabu milango kwa kidole. Nikampa chai isiyo na sukari, kwa kuwa najua ana ugonjwa wa sukari.

"Sukari imefika kwa macho, madam," akasema. "Daktari nasema ile imepotea hairudi. Ile imebaki, tunalinda."

Nikamwambia pole. Akainua mkono kuizuia pole yangu.

"Usiambie watu ya grupu. Wataanza kunionea huruma, na mutu ya huruma hapewi kazi."

Nikaahidi. Halafu nikamuuliza muhuri uko wapi. Lilikuwa swali baya la kumuuliza mtu aliyetoka kwa daktari, lakini ndilo lililonijia.

"Kwa kompyuta yangu. Pahali ingine hakuna."

Nikiwa bado nimeshika birika nikaona mwisho wa jambo hili. Simu mpya zinazoingia sokoni zilikuwa zimeanza kuzikataa programu za zamani ambazo hazijatolewa upya. Siku macho ya afande yakikataa kabisa, hakuna mtu mwingine duniani atakayeweza kuitoa programu yetu, na itazimika simu baada ya simu mpaka nesi na mgonjwa warudi kutazamana. Alipoondoka nilikuwa nimeshaamua kwamba gwaride lazima livunjwe na mtambo mwingine uwekwe, ambao yeyote kati yetu ataweza kuuendesha.

Likizo ya shule ilipoanza nikakaa mezani nikaandika pendekezo. Taabu yangu ilikuwa hii: sababu ya kweli sikuruhusiwa kuitaja. Ukitaka watu waihame nyumba na huwezi kuwaambia inawaka moto, inabidi uwaambie ni nyumba mbaya. Basi nikasema ni mbaya, na nilisema kwa ufasaha, maana nilikuwa na hasira zangu za siku nyingi. Niliandika kwamba gwaride ni refu kuliko programu yenyewe. Kwamba linarudi mwanzo kwa kosa dogo na haliambii mtu kosa liko wapi. Kwamba makelele yake hayana kazi. Kwamba limefungwa kwenye mashine moja na mtu mmoja, na kazi ya kujitolea haiwezi kusimama juu ya mtu mmoja. Nikaeleza mtambo mpya utakavyokuwa: unaendeshwa na yeyote, popote, ukikuta kosa unakuonyesha mstari, na muhuri unatunzwa na sote watatu.

Kichwa cha pendekezo kilinisumbua. Kwa Kiingereza nisingefikiri mara mbili. Lakini kanuni ni kanuni, nikachukua neno la vitabu vya shule, ambamo kila mstari unaoiambia kompyuta fanya hiki, fanya kile, huitwa amri. Nikaandika: Pendekezo la Kuondoa Amri za Zamani na Kuweka Mpya. Nikalisoma, nikaliona safi, nikalituma kwenye kundi.

Mwalimu alijibu kwanza. "Mama, hii kitu iko muzuri. Lakini ile mupya itakula mega ngapi? Huku kwetu rezo iko ya kuombaomba." Alikuwa anaulizia bando la intaneti, na lilikuwa swali la haki. Nikamjibu kwamba utapakuliwa mara moja tu.

Afande alijibu baada ya chakula cha mchana. "Ndiyo afande." Maneno hayo mawili tu, yeye akiniita mimi afande. Chini yake simu ikaandika kwamba ametoka kwenye kundi.

Nilifurahi! Nilidhani ananitania, kama alivyozoea, na kwamba kutoka kwenye kundi ni kidole tu kimegusa pasipotakiwa, kwa sababu ya macho. Nikamwandikia mwalimu kwamba mzee amekubali, tuanze kazi. Mume wangu aliporudi nikamwonyesha simu kwa furaha. Akasoma, akavua kofia.

"Mama watoto, nani amekubali hapa?"

"Si huyo? Amesema ndiyo."

"'Ndiyo afande' unasema kama bosi amekuhamisha mbali na watoto yako. Hapo hujakubali. Hapo umesikia tu." Akapandisha ujumbe juu mpaka kwenye kichwa changu kizuri. "Sasa ona. Umemtoa mzee wa watu amri?"

Ndipo nikaelewa. Kwa raia amri ni neno unaloambiwa. Kwa askari ni kitu anachokuwa nacho. Kamanda ana amri ya kikosi, na akiondolewa amri, anakabidhi kila kitu na kurudi kwao akiwa hana maana. Neno hilo nalisikia kambini karibu kila wiki, fulani kaondolewa amri, fulani kapewa, na nikakaa mezani kwangu nikalitumia kama mtu wa kitabuni. Na afande hakulisoma hata kwa macho. Simu yake ndiyo iliyomsomea, kwa ile sauti yao isiyo na huruma, barua yote, pamoja na makelele yasiyo na kazi.

Nikapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Kesho yake hivyohivyo. Mwalimu, ambaye humwita afande papa, yaani baba, alivuka daraja siku ya soko akaenda kumtazama, akanipigia akiwa bado njiani.

"Papa iko pa nyumba, anaikala tu. Kompyuta amefunika na kitambala. Anasema yeye iko raiya sasa."

"Umemwambia ni neno tu?"

"Mama, mimi nitamwambia nini? Mimi mwenyewe nilisoma vile, nikafikiri mumeshasikilizana na papa."

Nikaona hakuna njia ila kwenda. Kwa desturi ungembebea mzee kilo za sukari, na kwa huyu ingekuwa ni kumpelekea sumu, kwa hiyo nikanunua sokoni samaki wa ziwani, wa Hamukungu. Nikapata lifti kwenye pikapu ya Hajji mmoja jirani wa shule anayepeleka mchele Mpondwe. Aliniuliza ninakwenda kufanya nini na samaki wote wale. Nikamwambia ninakwenda kugombana na mzee. Akasema basi samaki ni wadogo.

Afande alikuwa barazani, kwenye kiti cha plastiki, uso umeelekea barabarani. Mke wake akanipokea samaki na kunikaribisha kwa furaha iliyozidi kidogo, ile ya mtu anayejua kuna shida. Nikasalimia.

"Karibu, madam," akasema afande. "Umekuja kufanya inspekshoni?"

"Nimekuja kuongea, afande."

"Mimi si afande. Afande ni wewe." Akangoja nikae. "Nakuuliza kitu moja. Kwa jeshi, mutu natolewa amri kwa sababu mbili. Ameiba, ama amekimbia. Sasa sema, na mama hapa asikie. Mimi nilifanya gani?"

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nikamweleza habari ya kitabu cha shule, kwamba amri ni mistari, kwamba mistari ndiyo niliyotaka kuiondoa. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Sasa kwa nini hukuandika 'commands', kama watu?"

"Wewe ndiye uliyekataza Kiingereza."

Mke wake akacheka, akajifunika mdomo na kanga, akaingia jikoni na samaki. Afande hakucheka.

"Sawa. Hiyo ni neno. Na ile ingine yote umeandika chini? Kwamba iko ndefu, iko ya mutu moja, makelele haina kazi. Hiyo pia ni neno ya kitabu?"

"Hapana," nikasema. "Hiyo nilitaka kuisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya macho yako, afande. Ukaniambia nisiwaambie watu. Ningesema nini?"

Akageuza uso. Wakati huo anaona vivuli na mwanga, na sura ya mtu akikaa karibu. Mimi nilikuwa nimekaa mbali. "Kwa hivyo ukasema gwaride ni mbaya."

"Ndiyo."

"Na ni mbaya?"

"Ni mbaya kidogo, afande."

Hapo akacheka, si sana. Akasema nimwonyeshe hicho kitu changu kizuri. Nilikuwa nimekuja na kompyuta, na mtambo mpya ulikuwa tayari kwa majaribio. Nikaiweka kwenye meza ndogo mbele yake, nikauanzisha. Ulifanya kazi kama nilivyoutaka, kimya kabisa, kila hatua ikiisha inawekewa alama ya kijani. Nilikuwa najivunia alama zile. Nikakaa nikizitazama.

"Sasa imefika wapi?" akauliza.

"Ya pili," nikasema, nikaonyesha kwa kidole.

Baada ya muda akauliza tena. "Na sasa?"

Kidole changu kilikuwa bado kwenye kioo. Nikakiondoa. Nilikuwa nimetengeneza mtambo wa kumrithi mtu asiyeona, na mtambo wenyewe unasema na macho tu. Akanieleza bila hasira, kama mwalimu anavyoeleza hesabu. Zile amri alizirekodi zamani kwa mzaha, kuwachekesha wenzake wa mawasiliano. Lakini tangu macho yaanze kupungua ndizo alizokuwa akifanyia kazi. Anaanzisha gwaride anakwenda kukaa barazani, na akiwa barazani anajua limefika wapi. "Nyuma geuka" ikimfikia, anamwita mke wake amsomee kioo, herufi moja moja, kwa kuwa mama hajui Kiingereza.

Nilitaka kulia, na papo hapo nikamkasirikia. Kwa nini hakusema? Nikamuuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya juu. Akasema: "Na wewe kwa nini hukuuliza makelele iko ya nini?" Mama akaleta chakula.

Tulipomaliza kula, akaniambia nifungue pendekezo, tuliandike upya. Nikafikiri atataka nipunguze ukali. Hakutaka nipunguze kitu, isipokuwa kichwa cha habari na ile sentensi ya makelele. Alitaka niongeze mwanzo, akanitajia maneno, nami nikayaandika alivyoyasema:

"Macho yangu inaisha. Daktari amesema hairudi. Mimi peke yangu niko na muhuri, na hiyo si vizuri. Madam ameandika ukweli. Soma yote."

"Ulisema wasijue," nikamkumbusha.

"Nilisema kabla hujaniita mwizi kwa grupu."

Nikamrudisha kwenye kundi, tukatuma. Mwalimu akajibu kabla hatujamaliza chai: "Papa, pole sana. Tuko pamoja na weye. Kuraji, jipe moyo." Afande akataka nimsomee mara mbili, ingawa simu yake ingeweza kumsomea. Kisha akafunua kompyuta, akanielekeza palipo na muhuri, nikatoa nakala ya kwangu na ya mwalimu kwenye flashi mbili. Aliniambia nisiziache kwenye mkoba. Nilizibeba ndani ya nguo mpaka Kasese.

Kazi ilichukua muda kuliko nilivyoahidi, kama kawaida yangu. Nilimwahidi afande kwamba mtambo mpya utasema kwa sauti, na nikaziingiza zile rekodi zake, ila sasa kosa likitokea mtambo unataja na mstari, na haurudi mwanzo. Nilidhani nimemaliza. Nikampelekea mwalimu aujaribu, akanipigia siku hiyohiyo, na alikuwa haongei kama siku zote.

"Mama, toa ile sauti."

"Kwa nini? Ni ya afande."

"Najua ni ya papa. Lakini watoto yangu bamekimbia. Mukubwa alibeba mudogo, bakaenda mu nyumba ya jirani. Huku kwetu, mutu akipiga kelele 'mbele tembea' mu Kiswahili, batu hawaulizi iko mutu gani ya bunduki."

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Kambini kwetu watoto wanazicheza amri hizo kama mchezo wa kamba. Kutoka kwangu mpaka kwa mwalimu si mbali, daraja moja na lango, na sauti ileile inayomwambia mzee wa Bwera kazi inakwenda vizuri inawaambia watoto wa Kasindi wakimbie. Nilimwomba radhi. Niliogopa kumwambia afande, nikidhani ataumia tena. Nilipomwambia, akasema hata yeye angekimbia, na kwamba kila mashine iwe na sauti yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Ya afande ilibaki na gwaride. Mwalimu alimrekodi mke wake, ambaye kwa kila hatua anasema "bado", na mwisho kabisa anasema "ni tayari, mukuye mukule", yaani njooni mle. Mimi niliiacha ya kwangu kimya. Matoleo mawili ya kwanza yaliyofuata tuliyafanya pamoja, watatu, kwa simu, afande akituuliza maswali na kutukosoa, na mara nyingi alikuwa sahihi. Alikuwa mchangamfu siku hizo. Mke wake aliniambia amerudi kuvaa viatu asubuhi.

Toleo la tatu mwalimu alilitoa peke yake akiwa Kasindi, kati ya kipindi kimoja cha darasa na kingine. Hakumwita mtu, kwa sababu hakukuwa na haja. Aliandika kwenye kundi kwamba limetoka, nikampongeza, wafasiri nao wakapongeza, nikarudi kwenye kazi zangu. Nesi mmoja wa Nyakiyumbu alituandikia mchana kwamba kwenye simu yake mpya programu imefunguka. Nilikuwa naanika nguo kambini afande aliponipigia.

"Imetoka?"

"Imetoka, afande. Tangu asubuhi."

"Nani ametoa?"

"Mwalimu."

"Alipata shida?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, afande. Nesi wa Nyakiyumbu ameshaifungua."

"Hiyo ni vizuri," akasema. "Hiyo ni vizuri sana." Nikadhani ataaga. "Mimi nilikaa na simu tangu asubuhi. Nasema, labda watapiga. Labda kuna kitu itakataa."

Nikalibana beseni kiunoni.

"Mimi nilitaka iwezekane, madam. Sikutaka ikuwe rahisi hivi."

Nikaanza kutafuta, haraka haraka, huku nguo zinanidondokea miguuni. Nikamwambia kuna sentensi za wajawazito ambazo nadhani zinahitaji kusikilizwa upya, matamshi yake yana walakini, na hakuna mwingine mwenye sikio kama lake.

"Wacha," akasema kwa upole. "Usinitafutie kazi."

Hakukata simu, na mimi sikukata. Alikuwa amepiga yeye, kwa hiyo dakika zilizokuwa zinakwenda ni zake. Nilisikia malori yanayongoja kuvuka Mpondwe yakipiga honi nyuma yake, na mama akimuuliza kitu, naye hamjibu. Kisha salio lake likaisha, simu ikakata yenyewe. Nikaweka beseni chini, nikampigia.